Saa ya Ua la Parachichi

Kuna harufu ambayo kila aliyesoma baiolojia katika shule zetu anaijua: harufu ya jani linalochemshwa kwenye spiriti. Unalichemsha, unalisuuza, unalidondoshea iodini, nalo linageuka bluu iliyokaribia nyeusi, kisha darasa zima linaandika kwamba jani lina wanga. Zoezi hilo nililifanya nikiwa sekondari, nikalirudia chuoni, halafu nikaja kuwafanyisha wengine kwa miaka mingi katika chuo chetu kidogo hapa Njombe, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa diploma. Sasa siku moja chupa ya iodini ilikuwa imeachwa wazi likizo nzima na dawa ikafa. Majani yalibaki yamepauka, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Nilipopita meza kwa meza nikisoma walichoandika, nilikuta bluu nyeusi, meza inayofuata bluu nyeusi, na ya mwisho kabisa bluu nyeusi. Jani lenyewe lilikuwa mbele yao kwenye sahani nyeupe na hakuna aliyekuwa analitazama.

Wanafunzi wana neno lao kwa jambo hilo, wanaita kupika. Unapika matokeo. Watu wa nje hudhani ni uvivu, lakini mimi nimekaa nao muda mrefu, najua si uvivu. Tangu kidato cha kwanza mtoto anafundishwa kwamba zoezi la maabara lina jibu lake, limeshapatikana zamani na watu wenye akili, na kazi yake yeye ni kulifikia. Akiona kitu kingine, basi yeye ndiye aliyekosea, na alama zinapungua. Kwa hiyo anaanza na jibu. Macho anayatumia baadaye, kama muda umebaki.

Nina hasira za karibu. Wenzangu ofisini husema nikifunga mlango hata mabwenini wanasikia. Siku ile niliufunga mlango wa maabara kwa namna hiyo, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Ni mzee mtaratibu, havui koti mwaka mzima, na ana tabia ya kukusikiliza mpaka uishiwe maneno, tabia inayomuudhi zaidi mtu aliyekuja ameudhika. Nilimwambia nataka muhula mmoja tu. Niache majani na iodini, niwape wanafunzi swali la kweli, swali ambalo hata mimi mwalimu wao sijui jibu lake, wakalitafute wenyewe shambani. Alifikiri, akaniuliza nitasahihishaje kitu nisichokijua. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba muhula ukiisha kila mwanafunzi atasimama peke yake mbele yake na walimu wengine wawili, aeleze alichokiona na jinsi alivyokiona, na alama atatoa yeye, si mimi. Kanuni ya chuo ingebaki palepale: atakayefeli somo hili mara ya pili, anadisko.

Kudisko ni kuondolewa chuoni, na neno hilo linatamkwa mabwenini kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Katika darasa langu alikuwepo binti mmoja aliyekuwa karibu nalo kuliko wote. Alitoka Makete, kijiji cha mbele ya Tandala, wa kwanza katika nyumba yao kufika chuo, na muhula uliotangulia alikuwa amefeli somo langu. Hakuwa mjinga. Alikuwa anakwenda polepole. Wenzake wakishamaliza zoezi na kwenda kula, yeye bado ameinamia kitu cha kwanza alichopewa, anakigeuza upande huu na upande huu, na mwisho wa kipindi anakusanya kazi nusu. Mwanzoni mwa muhula alikuja ofisini kwangu, nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Madam, nikifeli tena narudi nyumbani kulima viazi," alisema. "Siombi unipendelee. Nimetaka tu ujue."

Hakuwa analia. Nilitamani angelia, maana ningejua la kusema.

Swali lenyewe lililetwa na mama yangu. Anakaa upande wa Igwachanya, na kama watu wote wa huku alikuwa ameng'oa sehemu ya viazi na mahindi akapanda maparachichi. Siku hizi ukisimama kilima chochote cha Njombe unaona mistari ya miparachichi michanga imepanda mpaka ilipokuwa miti ya miwati ya babu zetu. Mama alinipigia simu kulalamika kwamba miti yake inachanua hadi majani hayaonekani, lakini matunda yanayoshika ni ya kuhesabu. Akaniuliza kama mimi si ndiye mwalimu wa mimea katika ukoo. Nilikwenda kwenye vitabu ili nisiaibike.

Vitabu vilisema jambo ambalo nililisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Ua la parachichi ni dogo, halifiki ukubwa wa kifungo cha koti, rangi yake njano inayoelekea kijani, mtu anaweza kuishi chini ya mti huo miaka yote asiliangalie hata mara moja. Nalo linafunguka mara mbili. Siku ya kwanza linafunguka likiwa la kike, tayari kupokea chavua, lakini chavua yake lenyewe imefungwa. Kisha linafumba. Kesho yake linafunguka tena, ua lilelile, safari hii likiwa la kiume, linatoa chavua na kupokea limekoma. Halafu linafumba moja kwa moja. Kwa aina hii ya parachichi inayouzwa nje, kitabu kilisema, zamu ya kike ni asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na zamu ya kiume ni mchana wa siku ya pili. Ni maelezo mazuri, yamenyooka. Ila kitabu kiliandikwa na watu wa nchi za joto, na mimi kila asubuhi napita kando ya shamba la chuo nikiwa nimejifunga mtandio mpaka puani.

Basi nikawapa swali hilo, wala sikwenda kuangalia kwanza ingawa mikono iliniwasha. Hapa kwetu, ua la parachichi linafunguka saa ngapi? Waliandika swali, wakangoja. Kijana mmoja wa Njombe mjini, mchangamfu, ambaye baadaye walimchagua kuwa kiongozi wa kundi, aliniuliza jibu ni lipi ili wajue wanakoelekea. Nikamwambia sijui. Darasa lilicheka. Walidhani nawatania.

Tuligawanyika makundi mawili. Moja lilibaki na shamba la chuo, kwenye mteremko chini ya mabweni, mahali ambapo ukungu ukishuka haukumbuki kuondoka. Jingine lilipewa Makambako, kwa shangazi wa mmoja wa wanafunzi, mama mwenye miparachichi nyuma ya nyumba yake upande wa relini. Nilikwenda huko mwenyewe kuomba ruhusa. Tuliamkiana kwa kamwene za kutosha, akanikaribisha chai, akaniambia wanafunzi watazame watakavyo mradi wasimchumie. Makambako si mbali na sisi, lakini ukishuka kwenye gari pale njia panda unavua sweta kabla hujavuka barabara. Jua ni jingine, na upepo wake umejaa vumbi na honi za malori ya Mbeya. Sikuwaza sana juu ya tofauti hiyo. Nilichagua Makambako kwa sababu tulikuwa na shangazi.

Kazi ilikwama mapema. Kishada kimoja cha maua ya parachichi kina vitumba vingi mno, na vyote vinafanana. Ukiona ua limefunguka leo, kesho utajuaje kwamba unalitazama lilelile? Walijaribu kuweka alama za kalamu ya wino mzito, ukungu ukazifuta. Wakafunga vipande vya karatasi, vikalowa vikadondoka. Nilikaa pembeni nikijizuia kuwasaidia, kazi ngumu kwangu kuliko kufundisha. Binti wa Makete alikuwa anafuma sweta nyakati zake za mapumziko, kama wanawake wengi wa kwao, na mkoba wake ulikuwa na mabonge ya uzi. Bila kusema kitu alikata kipande kifupi cha uzi mwekundu, akakifunga kwenye kikonyo cha ua lililofunguka likiwa la kike, kifundo chepesi kisichoumiza. Kesho yake likifunguka la kiume angeongeza uzi wa bluu. Wenzake waliangalia, wakaomba uzi. Baada ya siku chache shamba la chuo lilikuwa limevaa rangi, na mlinzi wetu aliuliza kama kuna harusi.

Nakumbuka siku ambapo uzi ulianza kufanya kazi. Walikuwa wamesimama kwenye mti mmoja, kelele za kawaida, mmoja anatafuna muwa. Kisha mtu akaona uzi mwekundu wa siku iliyopita, na juu yake ua liko wazi tena. Nilimpa lenzi. Jana yake sehemu ya kike ilisimama peke yake katikati, nyeupe, na vijiti vya chavua vimelala pembeni vimeipisha. Sasa vijiti vimesimama vimeizunguka, na chavua imejitokeza juu yake, punje za njano. Lenzi ilizunguka mkono kwa mkono. Aliyekuwa na muwa aliushusha. Wengi wao wamezaliwa katika nyumba zenye mparachichi uani, na jambo hili lilikuwa likitokea juu ya vichwa vyao tangu utoto wao. Nilikuwa nimelisoma kitabuni, nikalifundisha, na hata hivyo nilikuwa sijawahi kuliona.

Siku ya taarifa ya kwanza ilipofika nilikwenda darasani na furaha. Kundi la Makambako lilisoma: zamu ya kike asubuhi, linafumba karibu na adhuhuri, zamu ya kiume mchana wa siku ya pili. Kiongozi wa kundi la Njombe akasimama na kusoma: zamu ya kike asubuhi, linafumba karibu na adhuhuri, zamu ya kiume mchana wa siku ya pili. Alisoma vizuri, sauti safi. Mimi nilisikia harufu ya spiriti. Taarifa mbili zilifanana mno na zote zilifanana na kitabu, lakini kukubaliana na kitabu si kosa, na sikuwa na haki ya kumwita mtu mpishi kwa sababu tu amepata jibu linalotarajiwa. Niliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nyuma kabisa, binti wa Makete alisimama.

"Madam, mimi sikuona hivyo."

Alikuwa ndiye aliyeshika zamu nyingi za asubuhi, kwa kuwa wenzake walizikimbia kwa baridi. Alisema asubuhi maua yote ya shamba letu yamefumba. Yanafunguka yakiwa ya kike baada ya chakula cha mchana, jua likishaupasua ukungu, na ya kiume ameyaona asubuhi zinazofuata, tena mengine yanachelewa zaidi. Kwa maneno mengine, kinyume cha kitabu. Kiongozi wa kundi alimjibu kwa upole kwamba anachanganya la kike na la kiume. Mtu akatania kwamba baridi la Makete lilishagandisha macho ya Wakinga, watu wa kwao, darasa likacheka, naye hakucheka. Alishika ukingo wa meza. Alijua kama mimi nilivyojua kwamba aliyebakiza kufeli mara moja tu arudishwe nyumbani ndiye huyo anayejitenga na jibu la wote.

"Kitabu kinasema vingine," nilimwambia.

"Najua, Madam. Nimekisoma. Lakini asubuhi yamefumba."

Nilitaka kuamua, kama tunavyoamua siku zote, nikagundua siwezi. Miaka yote niliyofundisha nimeingia darasani nikiwa na jibu mfukoni, na wanafunzi wakipapasa mimi nawangoja upande wa pili wa mto nikiwa mkavu. Siku ile sikuwa upande wa pili. Nilikuwa nao humohumo majini, na jibu lilikuwa nje, limening'inia kwenye tawi, halijali cheti changu wala alama zao. Niliogopa kidogo. Niliwaambia kwamba Jumamosi hakuna anayesoma taarifa. Kundi moja litakuwa Makambako tangu alfajiri, kundi lingine na mimi mteremkoni, siku ileile, saa ileile, na simu mkononi.

Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikiana kabla ya kuonana. Tulikuwa na chupa za chai na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kanga ili visipoe, na kila mtu alikuwa na kiazi mfukoni zaidi kwa ajili ya mikono kuliko tumbo. Mkuu wa idara alitokea pia, na koti lake. Alisema anapita tu. Maua yote yalikuwa yamefumba, na tone la umande kwenye kila kitumba. Saa tatu tukazunguka miti, yamefumba. Saa nne, yamefumba. Simu yangu ikaita, nikaiweka sauti kubwa. Ni Makambako, upepo unavuma nyuma ya sauti. Yule mpwa wa mama mwenye shamba alisema huko yako wazi yote, ya kike, mti mzima, na nyuki wameshafika.

Nikawatazama wangu. Kiongozi wa kundi aliinamia tawi lililokuwa mbele yake, akaliacha, akaenda mti unaofuata, na mwingine, mpaka akapotea kwenye ukungu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Niliona kwamba anataka kusema, nikaikata simu.

"Hata sisi tulikuwa tunakuta yamefumba," alisema. "Tukajua maua ya hapa yamekosea, Madam. Tukayasahihisha kwenye taarifa."

Kwa kawaida ningefoka. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini nilielewa kwamba kijana huyu hakuwa amedanganya kama mtu anavyodanganya. Aliliona ua, akakiona kitabu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ua linaruhusiwa kushinda. Nilimpa kiazi. Mkuu wa idara alikohoa, akatazama upande mwingine.

Tulingoja. Jua lilitokea baada ya adhuhuri, kwanza kama sahani nyuma ya pazia, kisha likapasua, na mteremko wote ukaanza kutoa mvuke. Binti wa Makete alikuwa amepiga magoti kwenye mti wake tangu asubuhi. Aliinua mkono bila kugeuka, tukasogea. Hulioni ua likifunguka, ni polepole kuliko mkono wa saa; unaona tu kwamba ulipopepesa lilikuwa limefumba na sasa pana mwanya. Petali zilijitenga, zikalala nyuma. Katikati ile sehemu ya kike, nyeupe, imesimama peke yake, ina unyevu juu. Halafu lingine jirani yake. Halafu kishada kizima, na mti wa pili, na wa tatu kushuka mteremko, saa nane mchana, saa ambayo kitabu kilisema hayapaswi kuwa hivyo. Simu iliita tena. Makambako walisema ya kwao yameshafumba.

Sijui niseme nini juu ya dakika hizo bila kuharibu. Miti ile ilitoka kitalu kimoja, ni aina moja, kilima chetu na kile cha wenzetu vinatenganishwa na safari fupi, na kila mahali palikuwa na saa yake. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewaambia wanafunzi wangu jambo hilo, na sidhani kuna aliyekuwa amelitazama kwa mteremko ule. Walikuwa watu wa kwanza. Vijana wa mwaka wa kwanza, wenye viazi mfukoni, ambao wiki chache nyuma walinidai jibu. Mmoja wa wasichana alianza kulia bila sababu ya kueleweka, wenzake hawakumcheka. Mimi nilivua miwani nikaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Jioni nilimpigia mama, nikamwambia huenda maua yake yanafunguka wakati nyuki wake wameshaona baridi na kurudi nyumbani. Akaniuliza sasa afanye nini. Nikamwambia bado hatujui. Alikata simu akinung'unika kwamba mtu anasomeshwa miaka yote hiyo ili aje kusema hajui.

Siku ya kusimama mbele ya wazee watatu ikaja. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma bila kufungua mdomo, jambo ambalo wenzangu walilifurahia sana. Binti alieleza uzi wake, zamu zake, alichokiona na siku ambazo hakuona kwa sababu ya mvua. Alikwenda polepole kama kawaida yake, na mwalimu mmoja aliangalia saa. Ndipo mkuu wa idara akamuuliza kwa nini maua ya Njombe yanachelewa.

"Sijui," alisema.

Katika chuo chetu neno hilo mbele ya msahihishaji lilikuwa sawa na kukunja mkeka. Mimi nikauma ulimi kweli, si kwa maneno tu. Mzee alimtazama.

"Na utajuaje?"

"Nadhani ni baridi. Lakini kudhani si kuona. Nataka nifunike mti mmoja na nailoni, upate joto kama Makambako, niangalie kama utarudi kufungua ya kike asubuhi. Usiporudi, basi si baridi, na nitakuwa nimekosea."

Mzee aliandika kitu, akasema mwingine aingie. Uso wake haukunipa chochote. Walisema majina ya waliopita yatabandikwa wiki inayofuata, na nilijua kwamba kati ya walimu wale wawili mmoja angalau alihesabu lile sijui kama sifuri.

Binti hakungoja. Aliomba nailoni kwenye kitalu cha miche cha chuo, akaifunga juu ya mti mmoja mfupi wa mwisho wa mstari, akaacha mlango wa kuingilia kwa magoti. Mchana joto lilikaa vizuri, lakini jioni likatoroka. Siku iliyofuata niliona juu ya nailoni blanketi la bwenini. Nilimuuliza yeye analalia nini, katika Njombe hii, akasema amejifunika masweta. Kesho yake yalikuwa mablanketi mawili, na la pili lilikuwa la kiongozi wa kundi. Kisha wakawekeana zamu ya mablanketi, na matroni akaja kunishitakia mimi, nikajifanya sijui habari. Niliwaza kwamba anautunza mti ule wiki ambayo pengine ni yake ya mwisho chuoni. Sikuthubutu kumwambia apumzike.

Asubuhi ya matokeo mkuu wa idara alikuja mlangoni kwangu mwenyewe, kabla majina hayajabandikwa. Alisema walibishana sana, na kwamba katika miaka yake yote amesikia wanafunzi wengi wakisema sijui na kunyamaza, lakini hakuwahi kumsikia aliyesema sijui kisha akaendelea kuzungumza. Halafu akasema binti amepita. Nilishuka mteremko nikikimbia, mtu mzima na viatu vya ofisi, ukungu bado umelala na miti yote ya chuo imefumba maua yake. Mwisho wa mstari nailoni ilikuwa inatoka jasho kwa ndani, na nikaona kivuli chake kimeinama humo. Nilifungua mdomo kumwita. Aliinua mkono.

"Subiri kidogo, Madam. Linafunguka."

Niliingia kwa magoti, na sketi yangu nzuri. Humo ndani palikuwa na joto la Makambako. Miwani ilijaa mvuke nikaivua, nikasogeza uso karibu na wake mpaka nikasikia anavyopumua. Petali zilikuwa zimeachana. Zilirudi nyuma polepole, na ndani, nyeupe, peke yake, sehemu ya kike, asubuhi, wakati nje ya nailoni kilima kizima kilikuwa bado kimelala. Nilikuwa na habari ya maisha yake mdomoni na sikuitoa. Tulikaa hivyo mpaka ua likawa wazi lote na lingine jirani likaanza.

Ndipo akaniuliza nilikuwa nimekuja na shida gani. Nikamwambia hatarudi nyumbani. Alijifuta macho kwa kiganja chenye udongo, kisha akaniomba nimshikie tawi ili afunge uzi.